Maji Yaliyofungwa Mlimani: Jinsi Waswisi Wanavyowalinda Watu Wakaao Chini ya Bwawa Kubwa

Usiku wa tarehe 12 Desemba, 2000, yapata saa mbili na dakika kumi, bomba la chuma lililofichwa ndani ya mlima lilipasuka karibu na Nendaz, katika jimbo la Valais, nchi ya Uswisi. Ufa uliofunguka ulikuwa na urefu wa mita 9 hivi na upana wa sentimita 60. Maji yaliyotoka hapo yalizidi mita za ujazo 150 kwa kila sekunde moja. Msomaji ambaye amepata kuona lori la kuchukua maji, lile la lita elfu kumi, na afikiri malori 15 ya namna hiyo yakimwagwa mlimani kwa pamoja, kisha mengine 15 mara ile ile, na mengine tena, gizani, katika baridi ya Desemba.

Watu watatu walikufa. Nyumba za mlimani na maghala yalichukuliwa na maji, na kama hekta 100 za malisho, miti ya matunda na msitu ziliharibiwa. Mkulima hana haja ya kuelezwa maana ya jambo hilo. Shamba la mahindi likiharibika mwaka huu, mwakani hulimwa tena. Lakini mahali ambapo udongo wenyewe umekwisha kuchukuliwa hapalimwi kwa jembe wala kwa trekta.

Bomba hilo halikuwa kuukuu. Lilikuwa halijatimiza hata miaka mitatu tangu lianze kazi, nalo lilijengwa na watu ambao kazi yao ya mabwawa yasifiwa duniani kote. Kwa sababu hiyo habari zake zafaa kusimuliwa kwa urefu, pamoja na yale yaliyofanywa baadaye, na jinsi nchi ile inavyochunga maji mengi mno yaliyofungwa juu ya vichwa vya watu.

MAJI HUSHUKA KUTOKA WAPI

Katika milima ya Alps theluji huanguka wakati wa baridi na kukaa huko juu miezi mingi. Wakati wa joto huyeyuka, na mito ya barafu nayo huyeyuka kidogo kidogo. Kwa hiyo maji ni mengi mno wakati wa joto, na wakati wa baridi, ambapo kila nyumba yataka umeme kwa taa na kwa kuota moto, mito huwa karibu imekauka. Waswisi wakaona kwamba hapana budi kuyaweka akiba maji ya wakati wa joto, kama vile mtu mwenye busara awekavyo mahindi ghalani.

Ghala kubwa kuliko yote waliyojenga laitwa Grande Dixence. Kazi ilianza mapema katika miaka ya 1950 na ukuta ukatimia mwaka 1961. Urefu wake kwenda juu ni mita 285, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya jumba la KICC la Nairobi. Chini una unene wa mita 200, na juu mita 15. Uzito wake ni kama tani milioni 15, na hausimami kwa ufundi mwingine ila kwa uzito huo tu: maji husukuma, nao hukataa kusogea. Nyuma yake kuna ziwa la mita za ujazo milioni 400, juu ya mlima kiasi cha mita 2,364 kutoka usawa wa bahari. Maji ya barafu 35 huletwa humo kwa mahandaki yaliyotobolewa katika miamba, ambayo yakiunganishwa ni mwendo wa kama kilomita 100.

Miaka ya 1990 ilipofika iliamuliwa kuongeza nguvu za umeme. Lilichimbwa handaki jipya la kilomita kama 16, na mwishoni mwake likatengenezwa bomba la kushuka, lenye urefu uzidio kilomita 4, mpaka kituo cha Bieudron katika bonde la mto Rhône. Kutoka ziwani hadi kituoni maji huanguka mita 1,883. Mtu akisafiri kutoka Nairobi mpaka Mombasa hashuki kiasi hicho, ingawa asafiri karibu kilomita 500. Huko Bieudron kuna magurudumu matatu ya namna iitwayo Pelton, kwa jina la Mmarekani aliyeyabuni, na kila moja hutoa megawati 423. Mabwawa yetu matano ya mto Tana yaitwayo Seven Forks yakijumlishwa yote hayafikii nusu ya nguvu za kituo hicho kimoja.

Sasa tutazame hesabu ambayo ndiyo kiini cha habari hii. Kila mita 10 za maji yaliyosimama juu ya kitu huongeza uzito wa kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Mahali bomba lilipopasuka palikuwa katika kimo cha kama mita 1,234, maana yake maji yaliyokuwa juu yake yalizidi mita 1,000. Basi kila mahali penye ukubwa wa ukucha wa kidole palikuwa pakibeba zaidi ya kilo 100, yaani zaidi ya gunia zima la mahindi, usiku na mchana, pande zote za bomba. Na chini zaidi, karibu na kituo, uzito huo hukaribia kuwa mara mbili.

CHUMA NA MWAMBA

Bomba la namna hii halibebi mzigo huo peke yake. Huwekwa ndani ya handaki, na nafasi iliyobaki kati ya chuma na mwamba hujazwa zege. Maji yasukumapo, chuma hutanuka kidogo na kuegemea zege, na zege huegemea mwamba. Mahali mwamba ulipo imara, mlima wenyewe ndio ushikao sehemu ya mzigo. Mahali mwamba ulipo laini au umevunjika-vunjika, mlima hurudi nyuma, na chuma huachwa kibebe karibu yote.

Katika kujenga bomba la Bieudron walitumia chuma kigumu sana, ili kuta zake zisiwe nene kupita kiasi. Fundi yeyote wa kuchomelea aweza kukueleza tabia ya chuma kigumu: kina nguvu nyingi, lakini hakina uvumilivu. Chuma laini kikizidiwa hunyooka kwanza, kikakupa dalili. Kigumu kikiwa na ufa mdogo usioonekana mahali pa kuchomelewa, ufa huo waweza kukua polepole kila maji yakaziwapo na kulegezwa, kisha siku moja hupasuka ghafula. Na mahali pale pa Nendaz mwamba uliozunguka bomba ulikuwa dhaifu. Ndipo unapopata mambo mawili yaliyokutana mahali pamoja, kila moja likiwa la kuvumilika kama lingekuwa peke yake.

Kituo cha Bieudron kilinyamaza miaka 9. Magurudumu makubwa kuliko yote ya namna yake duniani yalikaa kimya, na kila siku ya kukaa kimya ilikuwa hasara. Hata hivyo hawakufanya haraka ya kuziba tundu na kuendelea. Hawakutengeneza mahali pale palipopasuka tu. Waliliangalia bomba lote upya, likavikwa upya kwa ndani, na sehemu ile ya ajali ikajengwa kwa namna nyingine. Maji yalianza kushuka tena kwa kazi mwezi wa Januari, 2010. Mimi naona kwamba miaka ile 9 ndiyo sehemu ya heshima katika habari hii yote. Ni rahisi kwa tajiri wa mashine kusema kwamba ajali ilikuwa bahati mbaya na haitarudi.

KUGONGA CHUNGU

Lakini bomba lililozikwa mlimani utalichungaje? Kuingia ndani kulikagua ni mpaka maji yote yatolewe, na kutoa maji ni kusimamisha kituo. Wataalamu wa chuo kikuu cha ufundi cha Lausanne walilifikiri jambo hili baada ya ajali, na njia waliyoichunguza yafanana sana na ile ya mama anunuapo chungu sokoni. Hakitazami tu, hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Chungu kizima hulia, chenye ufa hukoroma.

Anayekaa katika nyumba ya mjini amepata kusikia mfereji ukifungwa kwa ghafula na bomba la ukutani likigonga. Hilo ni pigo la maji: maji yaliyokuwa yakienda mbio yanapozuiwa, mshindo wake hurudi nyuma ndani ya bomba, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita moja kwa sekunde. Mshindo huo ukipita mahali ambapo kuta zimelegea au mwamba umeacha kushika, hupunguza mwendo, na sehemu yake hurudi kama mwangwi. Wataalamu wale walitengeneza bomba la majaribio, wakaweka vipande vya alumini na vya plastiki mahali pa vipande vya chuma ili viwe kama sehemu dhaifu, wakapima mishindo. Waliona kwamba kwa kusoma mwangwi yawezekana kujua kwamba kuna mahali palipolegea, na kukadiria ni wapi, bila kutoa tone la maji.

Pigo hilo hilo la maji ni hatari kubwa pia katika kazi ya kila siku. Ikiwa radi imepiga waya na umeme hauna pa kwenda, gurudumu lataka kukimbia ovyo. Mtu asiyejua angefunga maji mara moja, na kwa kufunga hivyo angeupiga mlima mzima kwa nyundo. Kwa hiyo katika gurudumu la Pelton kuna bamba la chuma liingialo mbele ya maji kwa nukta chache na kuyageuza pembeni, yasipige gurudumu. Kisha kilango chenyewe hufungwa polepole. Huko Bieudron maji hutoka katika kinywa cha bomba kwa mwendo upitao kilomita 600 kwa saa, na bamba hilo dogo ndilo huyageuza.

Huko juu bomba lianzapo huwekwa vali ijifungayo yenyewe maji yaendapo kwa kasi isiyo desturi. Ni kinga njema. Ila maji ambayo yamekwisha kuipita hayaitiki tena.

TIMAZI LILILOSEMA KWELI

Ukuta wenyewe wa bwawa huchungwa kwa chombo ambacho kila mwashi anakijua, yaani timazi. Ndani ya ukuta wa Grande Dixence kuna njia na visima vya kupita watu, jumla kilomita 32, na humo zimening'inizwa nyuzi za chuma zenye uzito mwishoni. Ukuta hausimami kimya. Ziwa likijaa mwishoni mwa Septemba, sehemu ya juu husukumwa mbele kwa sentimita 10 hivi. Maji yakipungua majira ya kuchipua, hurudi. Mlinzi wa bwawa hatafuti ukuta usiosogea, kwa maana hakuna. Atafuta ukuta usogeao leo kama ulivyosogea mwaka jana kwa kiasi kile kile cha maji na baridi ile ile. Hupima pia maji yavujayo kidogo kidogo katika mwamba, ni kiasi gani, na kama ni safi au yamechafuka. Sheria ya Uswisi yataka mhandisi mwenye ujuzi aziangalie hesabu hizo na bwawa lenyewe kila mwaka, na kwa mabwawa makubwa, kila baada ya miaka mitano, mtaalamu wa ujenzi na mtaalamu wa miamba huliangalia tena lote tangu mwanzo.

Kazi hii yaweza kuonekana kuwa ya kuchosha. Namba za jana na leo ni zile zile, na za kesho bila shaka zitakuwa vile vile. Lakini sikiliza yaliyotukia katika bwawa la Zeuzier, katika jimbo lilo hilo la Valais.

Ukuta wa Zeuzier ni mwembamba, umepinda kama upinde, na una urefu wa mita 156. Ulitimia mwaka 1957, na kwa miaka 20 na zaidi timazi lake lilikwenda na kurudi kama ilivyotazamiwa. Mwishoni mwa mwaka 1978 likaanza kwenda upande usio wake. Hapakuwa na tetemeko la ardhi wala mvua ya ajabu, na kwa macho ukuta ulikuwa mzima. Zilikuwa ni namba tu katika daftari. Hata hivyo wenye bwawa hawakubishana na namba. Walilitoa maji ziwa lao.

Sababu ilipotafutwa ilipatikana mahali ambapo hakuna aliyepafikiria. Umbali wa zaidi ya kilomita moja, na chini sana ya bwawa, palikuwa pakichimbwa handaki dogo la kupimia mwamba kwa ajili ya barabara mpya ya Rawil. Handaki lile lilikuwa likinywa maji yaliyojificha ndani ya mlima tangu zamani. Mlima ulipokauka ulijikunyata kama ugali ukaukao, bonde likasogea pamoja, na bwawa likashuka kwa zaidi ya sentimita 10. Nyufa zikatokea katika ukuta. Zilizibwa, na ziwa likajazwa tena hatua kwa hatua, huku wakipima, mpaka mwaka 1988 lilipojaa. Hakuna mtu aliyekufa. Barabara ya Rawil haikujengwa.

Miaka 15 kabla ya hapo, upande wa Italia wa milima ile ile, namba pia zilisema. Juu ya ziwa la Vajont ubavu wa mlima ulikuwa umeonekana ukitambaa kuelekea majini, nao ulipimwa muda mrefu. Waliotazama walidhani kwamba waweza kuutuliza kwa kupandisha na kushusha maji kwa kiasi. Walikuwa wamekwisha kuanza kuyapunguza tarehe 9 Oktoba, 1963, ubavu ule ulipoanguka wote usiku, zaidi ya mita za ujazo milioni 200 za mawe na udongo. Maji yaliruka juu ya ukuta wa mita 262 yakauangukia mji wa Longarone, na watu wapatao 2,000 walikufa. Ukuta haukuvunjika; wasimama mpaka leo.

Kwa hiyo huko Alps sasa hutazamwa si ukuta peke yake, bali na milima inayouzunguka, hasa kwa vile barafu inazidi kupungua kwa joto la dunia, na ardhi ya juu iliyokuwa imeshikwa na baridi yalegea. Wajenzi wa bwawa la Mattmark waliionja hatari ya barafu tarehe 30 Agosti, 1965, pande la barafu ya Allalin lilipoiangukia kambi yao na kuua watu 88.

ISHARA KWA WATU WA CHINI

Mpaka hapa tumesema juu ya mainjinia. Lakini mtu akaaye bondeni, mwenye ng'ombe wake na miti yake ya matunda, hana timazi. Yeye apewa mambo mawili.

La kwanza ni vibao kando ya mito. Mtu wa mjini aliyepanda milimani kupunga hewa aona mto mdogo, maji yafika kwenye kifundo cha mguu, mawe makavu ya kukalia, na jua lawaka. Hajui kwamba huko juu kuna mtambo ambao waweza kufunguliwa wakati wowote kuusukuma mchanga uliojaa, au kwa sababu mashine imesimama. Maji huja kwa ghafula, bila wingu hata moja mbinguni. Vibao vyaeleza hivyo kwa maneno machache na kwa picha ya mtu akimbiaye wimbi. Mvuvi wa huko husimama ukingoni, hasimami katikati.

La pili ni ving'ora. Katika mabonde yaliyo chini ya mabwawa makubwa vimewekwa ving'ora vya namna ya peke yake, katika sehemu zile ambazo maji yangefika kabla ya saa mbili kupita. Sauti ya kawaida ya hatari nchini Uswisi hupanda na kushuka. Sauti ya maji haipandi: ni nzito na ya chini, hulia mara 12, kila mara sekunde 20, na kati yake kimya cha sekunde 10. Hufanywa majaribio kila mwaka, Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Februari, baada ya saa sita mchana, nchi nzima, na watu hutangaziwa mapema wasije wakafadhaika.

Siku hiyo mtu husikia na kuendelea na kazi yake. Asikiapo sauti ile ile nzito siku nyingine yoyote, haulizi wala hatafuti viatu. Mpango wa kila kijiji umekwisha kuonyesha ni njia ipi ya kupanda, na hupanda.